Peasi la Mfalme: Picha za Dhihaka na Mageuzi ya Demokrasia katika Ufaransa, 1830–1881

Utangulizi

Wanahistoria waandikapo habari za kukua kwa demokrasia katika taifa, kwa desturi huanza na mabunge, katiba na uchaguzi. Hotuba husomwa, kura huhesabiwa, sheria hulinganishwa. Ni mara chache kutazamwa picha za dhihaka zilizochapwa magazetini, zile ambazo leo twaziita katuni au vibonzo. Na hata zikitazamwa, huwekwa ukurasani kama pambo la kupumzisha macho ya msomaji. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kuwa desturi hiyo yatunyima ushahidi mkubwa. Nimeichagua Ufaransa, na hasa miaka mitano iliyo baina ya Julai 1830 na Septemba 1835, kwa sababu katika nchi hiyo na katika muda huo suala la picha lilifikishwa mahakamani, kisha Bungeni, likajadiliwa waziwazi na kutungiwa sheria.

Jambo lenyewe lina haki ya kuingia katika jarida la lugha. Wafaransa hawakubishana tu kama mfalme aweza kuchekwa. Walibishana juu ya swali hili: Je, picha ni neno? Katiba yao ilikuwa imeahidi uhuru wa kutoa maoni. Picha ikiwa ni namna ya kusema, ahadi hiyo yaihusu; ikiwa si kusema bali ni kutenda, basi haina kinga. Serikali ilishika jibu la pili, na kwa jibu hilo ikapata njia ya kurudisha kile ambacho katiba ilikuwa imekipiga marufuku. Kwa hiyo sehemu ya uhuru wa raia zaidi ya milioni 30 iliegemea juu ya fasili ya ishara, yaani juu ya kazi ambayo wanazuoni wa lugha huifanya kila siku.

Mapinduzi ya Julai na chapa ya jiwe

Tarehe 25 Julai 1830 Mfalme Charles X alitia sahihi amri nne. Ya kwanza iliondoa uhuru wa magazeti. Nyingine zilivunja Bunge lililokuwa limetoka kuchaguliwa na kupunguza idadi ya wapigakura. Wenye magazeti na wapiga chapa wa Paris walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzikataa. Kwa muda wa siku tatu, tarehe 27, 28 na 29 Julai, watu walipigana na majeshi barabarani, na mfalme akaiacha nchi. Tarehe 9 Agosti jamaa yake wa ukoo wa Orléans, Louis-Philippe, aliapa kuifuata Katiba iliyorekebishwa. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo kilisema ya kuwa Wafaransa wana haki ya kutangaza na kuchapisha maoni yao kwa kufuata sheria, na ya kuwa ukaguzi wa kabla ya kuchapa hautarudishwa kamwe.

Yafaa tukumbuke mpaka wa ushindi huo. Haki ya kupiga kura ilibaki mikononi mwa wanaume wenye mali, wale waliolipa kodi ya faranga 200 au zaidi kwa mwaka, nao mwaka 1831 walikuwa yapata 166,000 tu. Mafundi, wachuuzi na vibarua, ambao ndio hasa waliomwaga damu yao katika siku tatu za Julai, hawakupata sauti yoyote Bungeni. Watu wa namna hiyo waliweza kuisema serikali yao kwa njia mbili tu: barabarani kwa ghasia, au katika magazeti. Na kwa kuwa wengi wao hawakujua kusoma, katika gazeti kilichowafikia upesi zaidi kilikuwa picha.

Wakati huo picha ilikuwa imepata chombo kipya. Mwishoni mwa karne ya 18 Alois Senefelder, huko Bavaria, alikuwa amevumbua upigaji chapa kwa jiwe, yaani litografia. Mchoraji huchora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa likawa laini. Kisha jiwe hulowanishwa kwa maji, na wino hupakwa. Kwa kuwa maji na mafuta hayapatani, wino hushika penye mchoro tu, na karatasi ikikandamizwa huuchukua mchoro ule kama ulivyo. Zamani mchongaji wa sahani ya shaba alihitaji siku nyingi za kazi. Kwa chapa ya jiwe, jambo lililotendeka Bungeni juma hili liliweza kuchorwa na kuuzwa juma lijalo.

Mtu aliyeifahamu vyema nguvu ya chombo hicho alikuwa Charles Philipon, mchoraji aliyezaliwa Lyon mwaka 1800. Tarehe 4 Novemba 1830, miezi mitatu tu baada ya mfalme mpya kuapa, alianzisha gazeti la kila juma lililoitwa *La Caricature*. Shemeji yake, Gabriel Aubert, alikuwa na duka la picha katika Passage Véro-Dodat mjini Paris, na picha zilitundikwa kwenye dirisha la duka hilo. Gazeti lenyewe lilikuwa ghali, na wanunuzi wake hawakuwa wengi. Lakini dirisha halikuwa na bei: wapitao njia walisimama hapo, wakatazama, wakaelezana, wakacheka. Huwezi kuipima nguvu ya picha za namna hii kwa kuhesabu nakala zilizouzwa peke yake.

Kesi ya peasi

Haukupita mwaka kabla ya mfalme na wachoraji kugombana. Katika picha iliyotolewa tarehe 30 Juni 1831, Louis-Philippe alionekana katika umbo la mwashi akipaka lipu ukutani, na lipu ile ilikuwa ikifunika alama za ahadi za Julai. Jina la mfalme halikuandikwa popote, lakini sura ilikuwa yake. Philipon alishtakiwa kwa kosa la kuitukana nafsi ya mfalme, na tarehe 14 Novemba 1831 alisimama mbele ya mahakama ya Paris.

Utetezi wake wastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa maana. Hakudai kwamba mwashi yule hakufanana na mfalme. Alidai ya kuwa kufanana si hoja. Akachora mbele ya mahakama sura nne. Ya kwanza ilikuwa kichwa cha Louis-Philippe kama kilivyo: mashavu mapana yanayoshuka, paji jembamba, na nywele zilizosimama juu ya utosi. Ya pili ilikuwa kichwa kile kile, mashavu yakiwa yamezidi kupanuka na uso kupungua. Ya tatu ilikuwa nusu kichwa nusu tunda. Ya nne ilikuwa peasi, tunda la nchi za baridi lenye tumbo pana na kichwa chembamba. Mkiihukumu ya kwanza kwa kuwa yafanana na mfalme, akaeleza, hamna budi kuihukumu ya pili, maana yafanana na ya kwanza. Na ya tatu, maana yafanana na ya pili. Na mwishowe mtalihukumu peasi, na kila mkulima mwenye mpeasi shambani atakuwa na hatia.

Wazee wa baraza hawakukubali. Philipon alihukumiwa kifungo cha miezi 6 na faini ya faranga 2,000. Yeye akazichapa sura zile nne katika nyongeza ya gazeti lake tarehe 24 Novemba, ili ziuzwe na kusaidia kulipa faini.

Tuzitazame sura hizo kwa jicho la taaluma yetu. Charles Sanders Peirce, mwanafalsafa wa Kimarekani aliyeandika mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, alitofautisha ishara inayofahamika kwa kufanana na kitu chake na ishara inayofahamika kwa mapatano ya watu. Picha ya twiga ni ya aina ya kwanza. Neno *twiga* ni la aina ya pili, kwani halina shingo ndefu wala madoa. Philipon alionyesha mbele ya mahakama, hatua kwa hatua, jinsi ishara ya aina ya kwanza inavyogeuka kuwa ya aina ya pili. Katika sura ya kwanza twamjua mfalme kwa kufanana. Katika ya nne kufanana kumebaki kama kivuli tu. Twamjua mfalme kwa kuwa tumeambiwa na tumekubaliana. Toka siku hiyo peasi lilikuwa neno.

Na neno likishazaliwa halimtii tena aliyelizaa. Mapeasi yalichorwa kwa makaa na chokaa juu ya kuta za Paris na miji mingine. Mwandishi wa Kiingereza Thackeray, aliyeufahamu vyema mji huo, aliyataja katika kitabu chake cha mwaka 1840 juu ya Paris. Victor Hugo naye, katika *Les Misérables* ya mwaka 1862, asimulia kisa cha mfalme aliyemkuta mtoto wa mtaani akihangaika kuchora peasi kubwa ukutani. Mfalme akamsaidia kuimaliza picha, kisha akampa sarafu ya dhahabu, akimwambia ya kuwa peasi limo humo pia, maana sarafu ilikuwa na sura yake. Kiwe kisa hicho kilitokea au hakikutokea, chaonyesha ishara ilikuwa imefika wapi: uso wa mfalme juu ya fedha ya dola ulikuwa sasa wasomwa kama peasi, wala si peasi lililosomwa kama uso wa mfalme. Kifaransa cha mitaani hulitumia jina la tunda hilo, *poire*, pia kwa maana ya mtu mpumbavu anayelaghaika upesi.

Waswahili wana usemi: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Lakini fumbo la kisiasa lina tabia ya pekee: kila anayeligangua anakuwa mshiriki. Serikali ikilishtaki, inakiri ya kuwa imelielewa, na kwa kukiri inalithibitisha. Waziri aliyetaka kumwadhibu mchora peasi alilazimika kusema hadharani kwamba peasi ni mfalme. Na neno hilo, likitoka kinywani mwa serikali, lilikuwa dhihaka kubwa kuliko picha yenyewe.

Gharama ya kuchora

Isidhaniwe, hata hivyo, ya kuwa mambo haya yalikuwa mchezo. Mnamo Desemba 1831 Honoré Daumier, kijana wa miaka 23, alichora picha aliyoiita *Gargantua*, kwa jina la lile jitu lenye ulafi katika hadithi za Rabelais. Mfalme ameketi juu ya kiti kipana. Ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake. Wachukuzi wapanda ubao huo wakiwa na vikapu vya fedha zilizokusanywa kwa maskini chini. Na chini ya kiti zinaanguka karatasi za vyeo na nishani, nao wakubwa wanazigombania. Wakati huo suala la fungu la fedha la mfalme, lililokuwa la mamilioni ya faranga, lilikuwa likibishaniwa. Picha hiyo, basi, ilikuwa maelezo kamili ya bajeti: fedha zinatoka wapi, zinapitia wapi, na zinarudi katika umbo gani na kwa nani. Mnamo Februari 1832 Daumier alihukumiwa kifungo cha miezi 6 na faini ya faranga 500. Alikamatwa Agosti mwaka huo, akafungwa katika gereza la Sainte-Pélagie, kisha akahamishiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na akaachiliwa Februari 1833.

Philipon alikuwa amejibu kwa kuongeza magazeti badala ya kupunguza. Mnamo Agosti 1832 alianzisha mfululizo wa picha kubwa za kila mwezi kwa wanachama, na mapato yake yalikusudiwa kulipa faini. Tarehe 1 Desemba 1832 likatoka gazeti la kila siku, *Le Charivari*. Jina hilo lilikuwa jina la desturi ya vijijini: watu wakikasirishwa na jambo la aibu, kwa mfano mzee aliyeoa binti mdogo, hukusanyika usiku mbele ya nyumba yake na kupiga masufuria, wakifanya makelele mpaka aone haya. Gazeti la London, *Punch*, lililoanzishwa mwaka 1841, lilijiita Charivari ya London. Desturi ya kijiji isiyokuwa na sheria ilikuwa imehamia mjini na kupata mhariri, mpiga chapa na siku ya kutoka.

Nyumba namba 12

Katika Aprili 1834 wafumaji wa hariri wa Lyon waliasi, na Paris ikafuata. Usiku mmoja wa mwezi huo, katika mtaa ulioitwa Rue Transnonain, askari waliosema ya kuwa wamepigwa risasi kutoka nyumba namba 12 waliingia ndani na kuwaua wakaazi wake, watu ambao wengine walikuwa vitandani.

Daumier alichora chumba kimoja. Mwanamume aliyevaa kanzu ya kulalia amelala chali sakafuni, ameegemea kitanda kilichovurugika. Chini ya mwili wake mwaonekana mwili wa mtoto mchanga. Upande mmoja, gizani, mwanamke amelala. Upande wa pili chaonekana kichwa cha mzee. Kiti kimepinduka. Hamna askari, hamna mfalme, hamna peasi. Hakuna kiungo kilichotiwa chumvi ili kichekeshe. Maandishi yaliyo chini ya picha ni jina la mtaa na tarehe, basi.

Hapa katuni ilivuka mpaka wa dhihaka ikawa ushahidi. Na msomaji wa lugha ataona ya kuwa uchache wa maneno ndio uliobeba mashtaka. Kama Daumier angaliandika *uuaji* au *unyama*, serikali ingaliweza kubishana na neno. Aliandika mahali na siku, mambo ambayo hata karani wa polisi angaliyaandika vivyo hivyo. Nani atashtaki anwani? Picha hiyo ilikuwa ya 24 na ya mwisho katika ule mfululizo wa kila mwezi. Polisi walizikusanya nakala walizoweza kuzipata, na jiwe lenyewe likachukuliwa.

Sheria ya Septemba 1835

Tarehe 28 Julai 1835, katika sherehe ya kukumbuka mapinduzi yaliyomweka juu ya kiti cha enzi, Louis-Philippe alipita kwa farasi katika Boulevard du Temple. Giuseppe Fieschi, mzaliwa wa Korsika, alikuwa ameunganisha mitutu ya bunduki kama 25 dirishani, akaifyatua yote pamoja. Mfalme alinusurika, watu 18 walikufa. Serikali ilisema ya kuwa mkono uliofyatua ulikuwa wa Fieschi, lakini chuki ilikuwa imepandwa na magazeti. Katika majuma machache tu sheria mpya zililetwa Bungeni, na tarehe 9 Septemba zikatiwa sahihi.

Kwa magazeti ya maandishi, sheria ziliongeza adhabu na kupandisha dhamana: gazeti la kila siku la Paris lilipaswa kuweka faranga 100,000. Ulikuwa mzigo mzito, lakini haukuwa ukaguzi wa kabla ya kuchapa. Kwa picha mambo yalikuwa mengine. Kifungu cha 20 kilisema ya kuwa hakuna mchoro, chapa wala nembo itakayotangazwa, kuonyeshwa au kuuzwa bila idhini ya kwanza ya waziri wa mambo ya ndani mjini Paris, au ya mkuu wa jimbo mahali pengine.

Je, Kifungu cha 7 cha Katiba, kilichoapa kwamba ukaguzi hautarudi kamwe, kiliwezaje kukaa pamoja na hiki? Serikali ilieleza hivi: Katiba yalinda maoni. Maoni hutolewa kwa maneno, nayo maneno huiendea akili. Picha haziiendei akili bali macho. Maoni yakigeuzwa picha yamekwisha kuwa tendo, tena tendo lenye kuchochea. Kwa hiyo kuikagua picha si kuyakagua maoni.

Hoja hiyo yafaa kupimwa, maana haikufa pamoja na waliyoitoa. Kwanza, yadhani ya kuwa neno na tendo ni vitu viwili vilivyotengana. Mwanafalsafa J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapwa mwaka 1962, alionyesha ya kuwa maneno mengi ni matendo yenyewe. Na sisi tunaoishi katika jamii ambayo mume akitamka kauli ya talaka ndoa hutikisika hatukuhitaji kungoja kuambiwa. Ikiwa kutenda ndiko kunakoondoa kinga, basi ahadi, kiapo na hotuba havina kinga pia. Pili, yadhani ya kuwa picha huonekana tu bila kusomwa. Lakini peasi lilikuwa limesomwa kwa miaka minne. Mgeni asiyejua habari za Paris angaliona tunda. Kilichowafanya Wafaransa waone mfalme ni maarifa ya pamoja, sawasawa na yale yanayotuwezesha kuelewa neno. Tatu, na hili ndilo la ndani zaidi, hoja ile ilificha hofu ya kitabaka. Msomaji wa maandishi alikuwa mara nyingi mtu mwenye mali na haki ya kura. Mtazamaji wa dirisha la Aubert aliweza kuwa yeyote. Tofauti iliyotangazwa kuwa baina ya jicho na akili ilikuwa kwa kiasi kikubwa tofauti baina ya watu na watu.

Toleo la mwisho la *La Caricature* lilitoka tarehe 27 Agosti 1835, kabla sheria haijaanza kutumika. Ndani yake maneno ya sheria mpya yalipangwa na mpiga chapa kwa namna ambayo mistari yake ilifanya umbo la peasi. Mbinu hiyo *Le Charivari* lilikuwa limekwisha kuitumia Februari 1834 kwa kuichapa hukumu iliyotolewa dhidi yake. Sheria iliyodai ya kuwa picha si maneno ilijibiwa kwa maneno yaliyokuwa picha.

Toka 1848 hadi 1881

Baada ya hapo Daumier na Philipon waliwageukia watu wasio na vyeo. Kati ya 1836 na 1838 walitoa picha 100 za Robert Macaire, tapeli aliyetokana na mchezo wa kuigiza, ambaye katika mikono yao alikuwa mara wakili, mara tabibu, mara mwuza hisa za kampuni hewa. Mfalme hakuchorwa tena, lakini zama zake zilichorwa.

Februari 1848 Louis-Philippe naye akakimbia. Jamhuri ilitangazwa, tarehe 5 Machi haki ya kura ilitolewa kwa wanaume wote waliotimiza miaka 21, na idadi ya wapigakura ikaruka kutoka takriban 240,000 hadi zaidi ya milioni 9. (Wanawake walingoja mpaka mwaka 1944.) Katika siku hizo hizo sheria za Septemba zilifutwa. Tarehe 4 Machi *Le Charivari* lilikuwa limekwisha kutoa picha ya Daumier: mtoto wa mtaani amejitupa juu ya kiti cha enzi katika jumba la Tuileries, akifurahia ulaini wake.

Uhuru huo haukudumu. Tarehe 2 Desemba 1851 Rais Louis-Napoléon Bonaparte alilivunja Bunge kwa nguvu, na kwa amri ya tarehe 17 Februari 1852 ukaguzi wa picha ukarudi. Chini ya utawala wake mchoraji alitakiwa hata kupata ruhusa ya maandishi ya mtu anayemchora. Utawala huo ulipoanguka Septemba 1870, ukaguzi ulianguka nao. Baada ya uasi wa Paris wa 1871 ulirudi tena. Mwisho, sheria ya magazeti ya tarehe 29 Julai 1881 iliuondoa, miaka 51 kamili baada ya ile siku ya tatu ya mapigano ya Julai.

Tukizipanga tarehe hizo, kanuni yajitokeza. Picha zilikuwa huru 1830–35, 1848–52, 1870–71, na toka 1881. Kila mlango wa demokrasia ulipofunguliwa, katuni iliingia pamoja na watu. Kila ulipoanza kufungwa, katuni ilizuiwa kwa namna ambayo neno lililoandikwa halikuzuiwa. Katuni, basi, ni kipimo kinachotikisika mapema kuliko vipimo vingine.

Haki yatudai tuongeze jambo moja. Uhuru wa 1881 haukuzaa wema mtupu. Katika mgogoro wa Alfred Dreyfus, ofisa wa jeshi mwenye asili ya Kiyahudi aliyehukumiwa bila hatia mwaka 1894 na kusafishwa mwaka 1906, wachoraji mashuhuri Forain na Caran d'Ache walianzisha mwaka 1898 gazeti la picha, *Psst...!*, lililowashambulia Dreyfus na watetezi wake kwa chuki dhidi ya Wayahudi. Kalamu ile ile iliyokuwa imemtazama mwenye nguvu kutoka chini ilielekezwa sasa kwa mnyonge kutoka juu. Hata hivyo dawa haikuwa kumrudisha mkaguzi. Mgogoro ule ulimalizwa kwa mabishano ya wazi, na picha zilizompinga *Psst...!* zilikuwamo.

Mazingatio

Msomaji wa Kiswahili hatayaona mambo haya kuwa ya kigeni kabisa. Katika miaka ile ile ya Philipon, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa akitunga mashairi juu ya ugomvi wa Mazrui na Seyyid Said, na mengi yalisemwa kwa fumbo. Chombo kilikuwa tofauti, sauti badala ya jiwe, lakini kazi ya fumbo ilikuwa moja: kusema jambo ambalo wote watalifahamu na hakuna atakayeweza kulishtaki bila kujifichua. Tena, katika kura ya maoni ya Kenya ya tarehe 21 Novemba 2005, ndizi iliwekwa kuwa alama ya kuikubali rasimu ya katiba na chungwa alama ya kuikataa. Alama hizo ziliwekwa ili kumsaidia mpigakura asiyejua kusoma. Chungwa lilishinda, na halikurudi sokoni: likawa jina la chama. Njia yake na ya peasi zilikuwa kinyume, moja ikishuka kutoka tume ya uchaguzi na nyingine ikipanda kutoka dirisha la duka, lakini zote mbili zaonyesha tunda likigeuka kuwa neno la siasa mbele ya macho ya taifa.

Katiba ya Kenya iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katika Kifungu cha 33, yautaja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi ndani ya uhuru wa kujieleza. Mwenye kutunga sheria aweza kuliona hilo kuwa nyongeza ndogo. Mwenye kuijua habari ya Septemba 1835 ajua thamani yake: yule atakayesema ya kuwa picha si maoni, hana tena pa kusimama katika maandishi ya katiba.

Limebaki la kufanywa na sisi wenyewe. Maktaba zetu zimehifadhi magazeti ya Kiswahili kwa sababu ya habari na mashairi yake, lakini orodha za vibonzo vyake ni haba. Vibonzo hivyo vina msamiati, mafumbo, lahaja na namna za kuitana ambazo hazimo katika tahariri za ukurasa ule ule. Vikusanywe, vitiwe tarehe, na maneno yake yafafanuliwe maadamu wangali hai wale wanaokumbuka ni nani aliyekusudiwa. Kwani peasi likishasahauliwa maana yake hubaki tunda tu.